Mtoto aliyeoperesheniwa ngiri ya kifuani: baada ya kuruhusiwa hospitali nini kinafuata? (Uzi wa tulio Kusini)

#1 Mjomba_wa_Newala

Wakuu, huu uzi ni wa wazazi na walezi wa watoto waliozaliwa na ngiri ya kiwambo. Kwa asiyeijua: kiwambo ni ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kwa watoto wachache, mmoja katika kila 2,500 hadi 3,000 hivi, msuli huo haufungi vizuri mimba ikiwa bado changa. Linabaki tundu, mara nyingi upande wa kushoto, matumbo yanapanda kifuani, na pafu linakosa nafasi ya kukua. Akizaliwa anahangaika kupumua.

Habari za operesheni utazipata. Za mtoto wa miaka mitatu, mitano, tisa aliyekwisha kuoperesheniwa ndizo za kutafuta kwa tochi, na sisi wa Newala, Tandahimba, Nachingwea na Liwale ndio tunaozihitaji zaidi, maana bingwa wa upasuaji wa watoto si mtu wa kumgongea mlango jioni.

Mimi ni mjomba. Kwetu Wamakonde mjomba ana neno kwa mtoto wa dada yake, kwenye ugonjwa, shule na jando. Huyu wetu alizaliwa na tundu la kushoto, akapelekwa Dar, akashonewa kiraka kwa sababu tundu lilikuwa kubwa mno kuvutwa na kushonwa lenyewe kwa lenyewe. Sasa yuko darasa la pili, anapiga mpira, anagombana na dada zake. Nasema mapema ili mama mwenye kichanga wodini leo asome akiwa na moyo.

Lakini aliporudi nyumbani ukoo mzima ulisema kapona, yameisha. Hapo ndipo napishana na watu. Tundu lilizibwa, sawa. Pafu halikukua siku hiyo hiyo. Linaendelea kuongeza vile vifuko vyake vya hewa miaka kadhaa ya mwanzo, na katika miaka hiyo mafua ya kawaida kwa mwenzake, kwake ni homa, kukoroma kifua na kulazwa.

Chakula ndicho kilichotutoa jasho kuliko yote. Alikaa na mpira wa puani wa kumlishia muda mrefu, kinywa kikazoea kwamba kila kinachokuja ni adha. Ukimsogezea kijiko anageuza shingo. Alichonyonya anacheua, kwa kuwa pale koo la chakula linapopenya kiwambo kuingia tumboni pamevurugika, na chakula kinapanda kirahisi. Huku anatumia nguvu nyingi kupumua, kwa hiyo anahitaji kula kuliko mwenzake, na hicho kidogo alichokula hakikai. Mstari wa uzito kwenye kadi ukalala. Majirani wakaanza kumtazama dada yangu kwa jicho la kwamba hajui kulea.

Kilichomnyanyua ni mlo mdogo mdogo mara nyingi, kukalishwa wima baada ya kula, dawa ya kupunguza asidi aliyoandikiwa, na korosho. Zile zilizovunjika ambazo mnunuzi anazitupia macho pembeni, bibi yake anazianika kidogo, anazitwanga kwenye kinu kidogo mpaka mchi unaanza kunata kwa mafuta, halafu anakoroga kijiko kwenye uji uji ukishaepuliwa. Bakuli dogo, nguvu nyingi. Hakukuwa na haja ya kopo la dukani.

Sitaki kuujaza uzi peke yangu. Mwenye mtoto wa namna hii aseme anapitia nini, na mwenye taaluma aturekebishe.

#2 Chikandanga

Mkuu asante. Nimejifunza kitu. Naweka kambi hapa.

#3 MamaN_Nachingwea

Kaka, umenigusa. Wangu wa kike, ana miaka miwili na miezi kidogo. Alioperesheniwa akiwa na siku chache, yeye hakuwekewa kiraka. Kutembea alichelewa ila sasa anakimbia. Kinachonisumbua ni maneno. Anasema "mama" na "maji" basi. Ukimwita kwa nyuma wakati mwingine hageuki. Mama mkwe anasema ni deko, baba yake alichelewa kusema vilevile. Hospitali walimpima masikio kabla hatujaruhusiwa, wakasema yako vizuri. Je, nisubiri?

#4 Baharia wa Msimbati

Kifua kisichoisha kwa mtoto ni kimeo hicho. Wazee wetu walikuwa wanakata, mtoto anapona. Mambo ya hospitali kila siku ni kumaliza hela za korosho.

#5 Tabibu wa Zamu

Naomba nijibu kwa mpangilio mbovu kidogo, niko zamu.

Baharia, kimeo hapana. Mtoto huyu hata uzima wake wa kupumua ni wa kuazima, halafu umkate kooni kwa wembe, avuje damu au apate maambukizi? Kimeo hakisababishi kikohozi sugu. Tuliache hapo.

Mama N, usisubiri. Jibu la kipimo cha kwanza halikulindi. Watoto waliozaliwa na ngiri hii, hasa waliokaa sana kwenye mashine ya kupumulia na kupewa dawa kali za wodini, wanaweza kupoteza usikivu polepole baadaye, wakati kipimo cha mwanzo kilikuwa safi. Ndiyo maana miongozo inataka masikio yapimwe tena na tena mpaka umri wa shule. Mtoto asiyesikia vizuri hawezi kukamata maneno, na watu wataita deko, ukaidi au uzito wa akili. Omba rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo. Hata kama masikio yatakutwa mazima, kuchelewa kusema ni sababu tosha ya kuonwa.

Mjomba, la chakula umelisema vizuri kuliko sisi wengi. Nyongeza moja: korosho itwangwe laini kabisa, na mara ya kwanza uanze na kidogo sana uangalie, kuna watoto zinawadhuru kwa mzio. Nzima usimpe mtoto mdogo, itampalia.

Sasa mambo ambayo hamkuyataja.

Matapishi ya kijani. Hili mlishike hata kama mengine yote mtayasahau. Watoto hawa matumbo yao mara nyingi hayakujipanga sawasawa tangu mimba, yanaweza kujizungusha. Na aliyewahi kupasuliwa tumbo anaweza kupata makovu ya ndani yanayobana utumbo, miaka mingi baadaye. Akitapika kijani, tumbo likajaa na kuuma, choo kikakata, msingoje asubuhi na msimpe dawa ya minyoo. Ni dharura, awe na mwaka mmoja au kumi na mbili.

Ngiri kurudi. Kiraka hakikui, mtoto anakua. Kinaweza kuachia pembeni, zaidi miaka ya mwanzo, na wengine hawaonyeshi dalili yoyote, inaonekana kwenye eksrei tu. Kwa hiyo eksrei ya mara kwa mara si daktari kujitafutia kazi. Kifua kubonyea katikati na mgongo kupinda pia huonekana zaidi kwa watoto hawa, hasa wenye kiraka. Mvueni shati, mwinamisheni mbele, mtazame mgongo kwa nyuma kama pande mbili ziko sawa.

Moyo. Mishipa inayopeleka damu kwenye pafu dogo huwa na shinikizo kubwa. Kwa wengi hushuka katika wiki au miezi ya mwanzo, kwa wachache hubaki. Midomo kugeuka bluu, kuchoka akinyonya au akicheza kidogo, jasho jingi wakati wa kula: apimwe moyo kwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo.

Chanjo zote kwa wakati. Ya nimonia ipo kwenye ratiba ya taifa tangu mwaka 2013, ni bure. Naona wazazi wanaiahirisha kwa sababu "mtoto ni dhaifu". Huyo dhaifu ndiye wa kuwahi.

Narudi.

#6 Mjomba_wa_Newala

Tabibu, Mungu akuweke. Hilo la kijani nalibandika ukutani kwa dada.

Naongeza kitu cha kwetu ambacho daktari wa Dar hawezi kukuuliza kwa sababu hakijui: salfa. Kuanzia mikorosho inapochipua na kutoa maua, mwezi wa tano, wa sita mpaka wa nane, watu wanapuliza salfa ya unga kwa ajili ya ubwiri unga. Wanapuliza alfajiri, upepo umetulia na majani yana umande, ndipo unga unashika. Na alfajiri hiyo hiyo huku juu ya uwanda wa Makonde kuna ukungu na baridi, ule unga hauendi mbali, unaning'inia chini. Ukitoka nje macho yanawasha, koo linakereketa. Mtu mzima anakohoa na kuendelea na kazi. Mtoto mwenye pafu moja zima na nusu anashindwa.

Sisi mashine ikiwashwa shamba la jirani mtoto anabaki ndani, mlango na dirisha vimefungwa, mpaka jua lipande. Tulizungumza na jirani, akakubali kutuambia siku moja kabla. Hakuna ugomvi. Kwetu wenyewe tumehamia dawa ya maji kwa miti iliyo karibu na nyumba. Nguo za aliyetoka kupuliza zinavuliwa nje.

Halafu moshi wa kukaangia korosho. Ule mnaoujua: korosho ghafi juu ya bati lililotobolewa, mafuta ya ganda yanalipuka moto, moshi mweusi unaochoma mpaka ngozi. Wanawake wengi huwa na mtoto mgongoni pale. Dada yangu aliacha kazi ya kubangua msimu wote mtoto alipokuwa mchanga, hela ilipungua, tukachangiana. Si kila nyumba ina wa kuchangia, najua. Basi angalau mtoto akae na bibi upande upepo unakotokea.

#7 Kilwa Masoko Yetu

Wakuu, mnazungumzia waliojulikana mapema. Wa kwetu tulijua akiwa na miaka miwili. Alizaliwa vizuri tu, analia, ananyonya. Baadaye kifua, kifua, kifua. Kituo kimoja nimonia, kingine pumu, kingine wakamwanzishia dawa za TB. Kimeo nacho kilikatwa, Baharia, na kikohozi kikabaki palepale. Eksrei ya kwanza waliona "maji kwenye pafu", wakawa wanajiandaa kumtoboa ubavuni wayatoe. Bahati alikuwepo daktari kijana aliyesema ngoja, akampitishia mpira wa puani kwenda tumboni, akarudia eksrei. Ncha ya mpira ikaonekana kifuani. Yale "maji" yalikuwa tumbo lake.

Alioperesheniwa, akaruhusiwa mapema kuliko tulivyotarajia. Sasa nauliza, huyu wa kuchelewa kujulikana naye ana hayo mambo ya masikio na mgongo?

#8 Tabibu wa Zamu

Huyo daktari kijana apewe kahawa na kashata. Wangemtoboa wangeweza kupasua tumbo.

Aliyejulikana amechelewa kwa kawaida pafu lake lilikua vizuri, ndiyo maana alivuka siku za kwanza bila mashine. Kwa hiyo masikio na ukuaji wa akili hatari yake ni ndogo zaidi. Yanayobaki kwake ni uzito, kucheua, ngiri kurudi na utumbo kujifunga. Afuatiliwe, ila msiishi kwa hofu.

Niseme na hili ili mjue kwa nini mnaonana wachache. Mwaka 2021 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa hospitali 264 katika nchi 74 kuhusu kasoro za kuzaliwa za tumbo na utumbo, ngiri hii ikiwemo. Nchi za kipato cha chini walifariki karibu watoto 40 kwa kila 100, kipato cha kati kama 20, nchi tajiri chini ya 6. Ni mapungufu ya mashine, ya wauguzi wa vichanga, ya usafiri. Kwa hiyo mtoto aliyevuka kwetu huku amevuka mlima, na wahudumu wengi wa zahanati hawajawahi kumwona wa namna yake akiwa mkubwa. Usitegemee mhudumu ajue. Wewe mzazi ndiye mwenye historia: barua ya kuruhusiwa, jina la operesheni, upande gani, kiraka kipo au hakipo, eksrei ya mwisho. Mpige picha kila karatasi, ibaki kwenye simu mbili. Eksrei ya mtoto mwenye kiraka haifanani na ya wengine, na asiyejua anaweza kutibu kivuli cha zamani kama nimonia mpya.

#9 Ntumbo

Swali la wanaume. Jando. Wa kwetu anakaribia umri, wazee wameshaanza kuuliza. Anaweza kwenda?

#10 Mjomba_wa_Newala

Hili limenifikia mimi mwenyewe, na kama mjomba neno ni langu. Nimesema atatahiriwa hospitali, na wa dawa ya usingizi aambiwe historia yote ya kifua kabla hajagusa sindano. Kukaa kambini usiku na moto wa kuni na vumbi wakati wa baridi, hapana, siyo kwa sasa. Mafundisho atapewa, ngoma atachezewa, atavishwa nguo mpya kama wenzake. Mzee mmoja alinung'unika kwamba tunamlea kama yai. Nikamwomba aje alale nyumbani usiku mmoja mtoto akiwa na mafua, asikilize mwenyewe. Hajaja, na hajasema tena.

Ila mpira simkatazi. Akichoka anakaa chini, anapumua, anarudi. Mwalimu wake ameambiwa: asimlazimishe mchakamchaka, na asimtoe mchezoni kwa huruma. Mtoto anajua kipimo chake kuliko sisi.

#11 Tabibu wa Zamu

Mjomba kasema. Mimi naongeza: wavulana wa ngiri hii, korodani kutoshuka hutokea zaidi kidogo. Lichunguzwe akiwa mchanga, na likionekana lishughulikiwe mapema, ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi, siyo kugunduliwa na ngariba.

#12 Bi Mkubwa Mikindani

Wanangu, mimi si mzazi wa mtoto huyo, ni jirani wa mmoja. Nauliza la nauli. Mama yake anaambiwa kliniki Dar kila baada ya miezi, mume ni mvuvi. Mwaka 2024 mwezi wa tano alikwama, kimbunga Hidaya kikakata barabara pale Somanga, tarehe ikapita, na tangu hapo hakurudi tena. Anaona aibu, anasema watamfokea.

#13 Tabibu wa Zamu

Bi Mkubwa, shikamoo. Mwambie arudi tu. Akifokewa, afokewe, mtoto apimwe.

Halafu si kila kitu lazima kiwe Dar. Uzito, urefu, chanjo, kusikiliza kifua, kuangalia mgongo, vinafanyika kliniki ya karibu. Eksrei inapatikana mikoani. Aulizie pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, kwake ni karibu, waone kipi wanaweza kukibeba, na kipi lazima kiende kwa aliyempasua. Aombe daktari wa Dar aandike kwenye barua mambo ya kufuatilia na lini, ili huku waendelee. Bingwa mwenye busara atafurahi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano sera inasema huduma ni bure kwenye vituo vya umma, ila nauli na baadhi ya dawa zitamgusa, afike ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hajakata tamaa.

#14 MamaN_Nachingwea

Nimesoma yote, nimemsomea na mama mkwe. Kanyamaza kwanza, halafu kauliza: na ukizaa mwingine je? Nami nataka kujua, maana nahofia.

#15 Tabibu wa Zamu

Kama ngiri ilikuja peke yake, bila kasoro nyingine za moyo au za vinasaba, uwezekano wa kurudia kwa mtoto mwingine ni mdogo, kama 2 kwa 100 au pungufu. Haitokani na kitu ulichokula, kazi uliyofanya wala jicho la mtu. Ukishika mimba anza kliniki mapema, waambie kuhusu huyu wa kwanza, na upate ultrasaundi nzuri wiki ya 18 hadi 22. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate angalau moja kabla ya wiki ya 24. Ikionekana, unajifungulia mahali penye mashine na wataalamu wa vichanga, siyo kukimbizana na gari la wagonjwa mtoto akiwa tayari bluu.

Na kwa wauguzi wanaosoma kimyakimya: mtoto anazaliwa anahangaika, tumbo limebonyea, mapigo ya moyo unayasikia upande wa kulia. Fikiria hili. Kumpuliza hewa kwa barakoa kunajaza tumbo lililoko kifuani na kulibana pafu zaidi, kwa hiyo ita msaada wa kumwekea mpira wa hewa kooni haraka, na mpira wa puani upite mapema kutoa hewa tumboni.

#16 MamaN_Nachingwea

Asante sana daktari. Rufaa ya masikio nimepata leo, tunateremka Lindi wiki ijayo. Nitaleta mrejesho.

#17 Baharia wa Msimbati

Mama N, ukikosa pa kulala Lindi mjini niandikie pembeni, dada yangu anakaa Mitwero. La kimeo nimelisikia.